Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi

Miongoni mwa mambo yanayozungumzwa kwa sauti ya chini majumbani mwetu ni habari ya kijana aliyesomeshwa uuguzi kwa jasho la wazazi wake, akaajiriwa, na kabla ya kutimiza mwaka akafukuzwa kwa sababu alikosea dawa. Jamaa humwonea haya, majirani humnong'ona, naye huikunja sare yake asiivae tena. Rai yetu ni kwamba jambo hili tunalihukumu vibaya, na hasara yake inawarejea wagonjwa.

Mafakihi tangu zamani wamepambanua baina ya mwenye kukusudia na mwenye kukosea. Aliyekosea hana dhambi ya aliyekusudia, lakini dhamana ya alichokiharibu haimwondokei. Kwa mizani hiyo, kijana huyu asiitwe muuaji, wala asiambiwe kwamba hakuna lililotokea. Mgonjwa aliyedhurika ana haki, na ya mwanzo ni kuambiwa ukweli.

Tujue pia kosa hutoka wapi. Mwaka 1999 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilikadiria kwamba makosa ya tiba huua watu baina ya 44,000 na 98,000 kila mwaka katika hospitali za nchi ile. Ripoti hiyo haikusema kwamba hospitali zimejaa watu waovu, bali kwamba makosa mengi hutokana na utaratibu mbovu wa kazi. Chupa mbili zinazofanana huwekwa rafu moja. Muuguzi mmoja huachiwa wodi nzima usiku. Nukta haionekani, 0.5 ikasomwa 5, na dozi ikawa mara kumi. Ukimfukuza muuguzi na kuziacha chupa pale pale, atakayemfuata atakosea vile vile.

Ama kijana mwenyewe, tunamnasihi mambo manne. La kwanza, apambanue baina ya ajira na taaluma. Mwajiri huondoa ajira tu. Hapa Tanzania Bara usajili na leseni viko chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa Sheria ya mwaka 2010. Ambaye Baraza halikumfuta bado ni muuguzi, basi aihuishe leseni yake. La pili, aandike kosa lilivyotokea hatua kwa hatua, aone ni lipi alilolikiuka katika yale matano aliyofundishwa chuoni: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na wakati sahihi. La tatu, aombapo kazi asifiche. Aseme kwa maneno machache lililotokea, alilojifunza, na anavyofanya sasa. La nne, akubali kuanzia chini, hata katika zahanati ndogo, maadamu yupo muuguzi mzoefu wa kumsimamia.

Huenda msomaji akauliza: nani atamkabidhi mgonjwa wake mtu aliyekwisha kukosea? Swali hili ni la haki. Aliyerudia uzembe ule ule baada ya kuonywa, huyo hafai. Lakini aliyekosea akakiri, akajirekebisha, huisoma lebo mara tatu pale ambapo mwingine huisoma mara moja. Wa kuogopwa zaidi ni yule aliyekosea akaficha, kwa kuwa mgonjwa wake hakupata hata nafasi ya kuokolewa. Nasi tukiuadhibu ukweli kuliko tunavyoliadhibu kosa, tutakuwa tunawafundisha wauguzi wetu wote kuficha.

Kwa hiyo enyi wazazi, msimzike mwanenu angali hai. Nanyi wenye zahanati, msimuulize mwombaji kama amewahi kukosea, kwani hakuna mwanadamu asiyekosea. Muulizeni: ulipokosea, ulifanya nini? Jawabu lake litawajulisha kama amana ya mgonjwa itakuwa salama mikononi mwake.

Wabillahi tawfiq.