Jina la Mwanao ni Amana



Mama zangu, dada zangu na ndugu zangu katika imani, juma hili naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nikisimamia ada za madrasa yetu hapa Msambweni, niliandika orodha ya wazazi waliokuwa hawajalipa nikaituma katika kundi la WhatsApp la wazazi wote. Ndani yake mlikuwa na majina ya watoto, nambari za simu za mama zao na deni la kila mmoja. Nia yangu ilikuwa kukumbusha tu. Kesho yake alikuja mama mmoja mjane kumtoa bintiye. Hakunigombeza. Aliniambia, "Sheikh, shida yangu nilikwambia wewe, sikuuambia mtaa."

Maneno hayo yalinirudia hivi karibuni, kamati yetu ilipomwita kijana wa Ukunda atutengenezee programu ya kuweka mahudhurio na ada. Yeye na mwenzake ndio kampuni nzima; ofisi yao ni chumba kimoja juu ya duka. Tulimpa fomu yetu ya zamani, tukamtaka aingize yote yaliyomo: jina la mtoto, kabila, maradhi, mtaa anaokaa, kitambulisho cha mzazi, hata picha. Akauliza kwa adabu, "Kabila mwalitumia kwa kazi gani?" Tukatazamana. Hapakuwa na mwenye jibu. Akasema, "Basi hilo sitaliweka."

Nilidhani ni ukaidi wa ujana, kumbe ni sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, imempa kila mtu haki ya faragha. Mwaka 2019 ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Data, na chini yake ikaundwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria hiyo yahesabu afya, kabila, imani, hali ya ndoa, na hata majina ya watoto wa mtu kuwa habari nyeti. Habari za mtoto hazichukuliwi bila idhini ya mzazi au mlezi wake.

Kijana alitueleza kuwa biashara yenye wafanyakazi chini ya 10 na mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka hailazimiki kujiandikisha katika ofisi hiyo, isipokuwa ikiwa yaendesha kazi kama za elimu, afya au hoteli. Lakini kutojiandikisha si ruhusa ya kuvunja amana. Masharti mengine yangali juu yake. Kwa hiyo amebadili kazi yake. Zamani alikuwa akichukua kila kitu na kukihifadhi katika kompyuta yake bila kikomo. Sasa huchukua kinachohitajika tu, huandikiana mkataba na mteja, hufunga majina kwa nywila, na hufuta habari za mtoto aliyeondoka pindi haja yake inapokwisha. Habari zikivuja, yampasa atuarifu ndani ya saa 48, nasi tumwarifu Kamishna ndani ya saa 72. Kazi hiyo imemgharimu usiku mwingi, wala hana wakili wa kumwongoza.

Wenye kupuuza wameonja. Mnamo Septemba 2023, Kamishna aliitoza shule ya Roma, iliyoko Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kusambaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ni madrasa ngapi za pwani zingemudu faini kama hiyo?

Hata hivyo, si faini inayopasa kututisha. Sisi watu wa pwani twalijua neno hodi tangu utotoni, na Sura an-Nur imetufunza kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Simu ya mama na maradhi ya mwanawe ni nyumba pia, nazo zina mlango. Sheria imekuja kutukumbusha adabu tuliyokuwa nayo, tukaisahau tulipopata simu.

Basi, mama, ukipewa fomu shuleni, zahanatini au katika chama chenu, uliza maswali matatu: habari hizi ni za kazi gani, nani atakayeziona, na zitafutwa lini? Kuuliza si utovu wa heshima. Nasi tunaoshika madaftari na simu za watu, tusichoke kujibu.

Nilikwenda kwa yule mama kuomba radhi. Alinisamehe, akanikaribisha na chai. Lakini bintiye hakurudi kwetu. Asoma kwingine hadi leo.

Mwenyezi Mungu atusitiri, na atujaalie tuwe wenye kusitiri wenzetu. Wabillahi tawfiq.