Mizani Inalinda Lami, Sisi Anatulinda Nani?

Makamanda, leo naomba tuongee kuhusu breki. Breki za malori.

Juni 2025 watu 28 walifariki hapa Mbeya kwenye ajali ya lori, na maelezo tuliyopewa ni yale yale ya siku zote: breki zilifeli. Zikaja rambirambi, habari ikaishia hapo. Mimi nasoma sheria, na darasani tunafundishwa kuuliza swali linalofuata. Zilifeli kwa nini?

Nenda gereji yoyote Uyole au Mafinga umuulize fundi. Atakwambia malori makubwa yanatumia breki za upepo. Kwenye magari ya kisasa, upepo ukiisha kuna springi inayobana tairi yenyewe, gari linagoma kutembea. Kwa hiyo lori likishuka Kitonga au Mlima Nyoka bila breki, mara nyingi ubovu ulianza mbali. Springi imefungwa kwa bolti ili gari linalovuja liendelee na kazi. Breki za tela hazijaunganishwa. Lainingi zimeisha. Au dereva ameshuka na gia kubwa, anakanyaga breki mfululizo mpaka ngoma zinachemka na lainingi hazishiki tena. Hapo bahati mbaya iko wapi?

Wapo watakaosema tatizo ni uchakavu. Sikubali. Majeshi duniani bado yanatumia malori yenye umri wa wazazi wetu, na mengi ya zamani hayana hata hiyo springi. Yanadumu kwa sababu ya utaratibu. Kabla ya kutoka, dereva anajaza upepo, anazima injini, anakanyaga breki na kuangalia kama mshale unashuka. Anasikiliza panapovuja. Anamwaga maji kwenye mitungi ya upepo. Anavuta paipu za tela kuona kama zimekaa. Kasoro inaandikwa, fundi anatengeneza na kusaini, ndipo gari linatoka. Ni kazi ya dakika chache tu.

Na utaalamu tunao. Shirika la Nyumbu pale Kibaha, chini ya jeshi letu, limebuni na kuunda malori tangu miaka ya themanini. Nchi iliyoweza kuunda lori inashindwaje kulikagua?

Sasa njoo barabarani. Lori linalotoka Dar kwenda Tunduma linapita mizani ya Wenda, linapita Makambako, linapita Mpemba. Linapimwa uzito, kwa sababu sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inaweka kikomo cha tani 56, na ukizidisha unalipa. Lengo ni lami isiharibike. Sawa, lami ni kodi yetu. Lakini jamani, lori limesimama, dereva yupo, ofisa yupo, na kazi ya mizani inaishia kwenye uzito. Nani anaingia uvunguni? Stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo haijawahi kubana tairi.

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inakataza gari bovu barabarani. Ina zaidi ya miaka hamsini. Kinachokosekana ni serikali kuitumia kabla ya msiba.

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Kwanza, ukaguzi wa breki pale pale kwenye mizani, hasa kwa magari yanayokaribia miteremko ya Iringa na Mbeya. Pili, gari likikutwa bovu, mwenye gari naye aitwe. Dereva na tandiboi wanakufa au wanakamatwa, wakati aliyewaambia "nendeni hivyo hivyo, mtatengeneza mkirudi" yuko kwake anakunywa chai. Tatu, mafundi wetu wa chini ya mti wasifukuzwe kama wachafuzi wa mji. VETA ina mfumo wa kumpa cheti mtu aliyejifunzia kazi gereji. Utumike kwa wingi, kwa gharama wanayoimudu, na kila fundi anayegusa breki asaini alichofanya.

Makamanda wa Mbalizi, Uyole, Ilula na Mafinga, mbunge au diwani akipita kwenu, wa chama chochote, hata wa kwetu, muulizeni hivi: lori la mwisho kukaguliwa breki kwenye mteremko wetu lilikaguliwa lini, na nani alisaini?