SHULE YA SHERIA NI KAZI YETU PIA

Ndugu wafanya kazi,

Kuna wenzetu wanaosema: "Mambo ya chuo kikuu tuwaachie wenye digrii. Sisi watu wa spana na bendera tuna habari gani na shule ya sheria?" Tunawajibu kwa heshima, lakini tunawajibu waziwazi: mmekosea. Na ili msidhani kwamba tunapiga domo tu, tutawapeni habari za shule moja na reli moja, kisha kila mtu apime mwenyewe.

Katika mji wa Washington, Marekani, kuna chuo kikuu kiitwacho Howard. Ni chuo cha binafsi, kilichoanzishwa mwaka 1867, miaka 2 baada ya vita vilivyovunja utumwa kule. Shule yake ya sheria ilifunguliwa Januari 1869 ikiwa na wanafunzi 6. Haikuwa na jumba. Walikutana jioni katika nyumba na ofisi za walimu wao. Maana watu weusi walikuwa wamepewa uhuru kwa maandishi, lakini hapakuwa na mawakili wa kutosha wa kuyasimamia maandishi yale.

Mwaka 1929 shule hiyo ilimpata kiongozi mkali, Charles Hamilton Houston. Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba wakili asiyetengeneza maisha ya watu wake ni kupe tu anayewanyonya. Aliwapeleka mahakamani na magerezani wakaone kwa macho yao jinsi sheria inavyomkanyaga mnyonge.

Katika wanafunzi hao alikuwamo Thurgood Marshall. Baba yake alikuwa mfanya kazi wa reli, mhudumu katika mabehewa ya chakula. Mama yake, mwalimu, aliweka rehani pete zake za ndoa ili apate karo. Kijana mwenyewe alikuwa akipanda garimoshi kila siku kutoka Baltimore kwenda Washington na kurudi. Mwaka 1933 alimaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake. Mwaka 1954 ndiye aliyeongoza mawakili walioshinda kesi ya kukomesha ubaguzi katika shule za serikali, na mwaka 1967 akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama kuu kabisa ya Marekani.

Sasa njooni relini. Bester Steele alikuwa mtia makaa wa garimoshi huko Alabama, katika reli ya Louisville and Nashville. Chama cha watia makaa kilikuwa cha weupe peke yao. Lakini kwa sheria ya reli ya kule, chama chenye watu wengi ndicho kilichosema kwa niaba ya wote, hata wale kiliowafungia mlango. Mwaka 1940 chama hicho kiliziandikia kampuni 21 za reli, kikitaka watu weusi waondolewe katika kazi ile. Mwaka 1941 mapatano yakafanywa. Steele akatolewa katika magari ya abiria, akakaa siku 16 bila kazi, kisha akapewa magari ya mizigo: kazi ngumu zaidi, saa nyingi zaidi, pesa kidogo zaidi.

Steele alishindwa katika mahakama za Alabama. Hakukata tamaa. Aliyemtetea mbele ya mahakama kuu ya nchi ni Houston yule yule, ambaye sasa alikuwa ameacha ukuu wa shule na kurudi katika uwakili. Tarehe 18 Desemba 1944 majaji wakakata shauri: chama kinachosema kwa niaba ya watu wote lazima kiwatetee wote kwa haki, aliye mwanachama na asiye mwanachama.

Ndugu, someni tena habari hiyo. Aliyemdhulumu Steele si tajiri peke yake. Ni chama cha wafanya kazi! Basi tusijisifu kwamba neno "chama" likiandikwa mlangoni, haki imo ndani. Viongozi wetu nao wayasikie haya.

Na msiseme hayo ni mambo ya ng'ambo. Mwaka 1960, wakati wa mkutano wa Katiba yetu katika Lancaster House, London, ni Tom Mboya, katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi wa Kenya, aliyemwalika Marshall awe mshauri wa wajumbe Waafrika. Marshall akaandika rasimu ya haki za watu, na ndani yake akataka hata wale wachache, Wazungu na Wahindi, walindwe na sheria. Mtoto wa mhudumu wa reli aliitwa na mtu wa vyama vya wafanya kazi kuja kuisaidia Kenya. Je, bado mnauliza sheria inatuhusu nini?

Sasa tutazame nyumbani. Mwenzetu mmoja, hatutamtaja jina, alifukuzwa na tajiri fulani kwa barua ya Kiingereza kigumu. Aliambiwa angoje, angeitwa. Akangoja. Aliuza mbuzi wake akamlipa mtu wa kumwandikia barua za kuomba huruma. Alipofika kwa wakili wa kweli, aliambiwa kwamba miaka 3 iliyowekwa na Sheria ya Kazi ya 2007 kwa kuleta madai kama yake imekwisha kupita. Haki alikuwa nayo, ikamwozea mkononi. Na sisi tulikuwa pale! Tulimchangia nauli, tukampa pole, wala hapana mmoja wetu aliyejua habari ya miaka 3. Aibu hiyo ni yetu.

Sheria hiyo hiyo inasema kwamba tajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa la kazi, amweleze kosa lake kwa lugha anayoifahamu, na mtu huyo awe na mwenzake au mwakilishi wa chama pale kazini. Tena sheria ya mwaka 2011 iliyounda mahakama ya kazi inamruhusu afisa wa chama kusimama mahakamani kumtetea mwanachama, hata kama si wakili. Mlango uko wazi. Lakini mwakilishi asiyejua sheria ni kama dereva asiyejua ishara: atatuangusha wote.

Hapa kwetu vyuo vikuu vya binafsi vyenye shule za sheria vimekuwa vingi. Digrii ni miaka 4, kisha Shule ya Sheria ya Kenya, pamoja na mitihani na kujifunza kazi chini ya wakili mwenye uzoefu. Hatusemi mitihani ipunguzwe. Lakini tunauliza: mtoto wa mtu wa njia ya reli ataingilia wapi?

Tuseme neno gumu. Hata Howard ilifunga masomo ya jioni mwaka 1930, ili shule iheshimiwe na wakubwa wa sheria. Mwaka 1931 ikapata heshima hiyo, na matunda yake mmeyaona. Lakini yule aliyekuwa akifanya kazi mchana na kusoma usiku alibaki nje. Sisi hatukubali kuchagua kimoja. Tunataka masomo bora na mlango wazi, vyote viwili. Masomo ya jioni yasiwe makombo: walimu wale wale, mtihani ule ule.

Kwa hiyo tunataka hivi:

1. Chama kianzishe mfuko wa elimu ya sheria, na hesabu zake zisomwe mbele ya wanachama wote.

2. Viongozi wetu waende kwa vyuo hivyo wakaombe masomo mafupi ya sheria ya kazi, jioni na Jumamosi, kwa Kiswahili, kwa wawakilishi wetu.

3. Karo ya mfanya kazi ilipwe kidogo kidogo kwa mwezi.

4. Wanafunzi wa sheria waje na walimu wao katika ofisi za chama, wasikilize mashauri yetu na kuyaandika.

5. Atakayesomeshwa kwa pesa zetu atutumikie kwanza, kabla ya kuwatafuta matajiri.

Mtasema pesa hazipo. Za nyama na soda za mkutano wa mwaka hutoka wapi? Mama mmoja peke yake aliweka rehani pete zake. Sisi tulio wengi tushindwe kwa shilingi chache? Haba na haba hujaza kibaba.

Lileteni jambo hili katika mkutano wa tawi lenu. Msingoje kuitwa. Mwenzetu yule aliitikia neno "ngoja", na mmeona lilivyomfanya.

Umoja ni nguvu.