Msinitumie Tena Video ya Ngannou

Mjomba wangu ana video moja anayoipenda sana. Ameshanitumia mara nne: mara mbili kwenye grupu ya familia ili kila mtu aone, na mara mbili kwangu peke yangu, usiku, baada ya habari za saa tatu. Inaanza na kijana anayechota mchanga kwa sepeto. Piano inalia. Jangwa linapita, bahari inapita, kisha taa za kizimba cha kupigania, mkono wa kushoto unaruka na jitu zima linaanguka. Hapo maneno yanajitokeza kwenye skrini kumwambia mtazamaji apambane na aache kulalamika. Mara ya mwisho mjomba aliongeza ya kwake chini: "Huyu hakuwa hata na diploma."

Hiyo ilikuwa yangu. Niliacha chuo mwaka wa tatu na ukoo mzima unajua. Mjomba alikuwa ameuza ng'ombe kwa sababu ya karo yangu, kwa hivyo siwezi kumjibu vibaya, na sitaki. Namjibu hapa, mahali ambapo najua hatasoma.

Mjomba, hiyo video ni ya uongo. Kilichomo kilitokea kweli. Uongo uko pale inapokatizwa.

Francis Ngannou alizaliwa mwaka wa 1986 huko Batié, magharibi mwa Kamerun, na kweli alifanya kazi kwenye machimbo ya mchanga tangu utotoni. Mwaka wa 2012 aliondoka akiwa na ndoto ya ndondi, akapita Nigeria, Niger na Algeria hadi Morocco, na kutoka hapo akajaribu tena na tena kuvuka kwenda Uhispania. Alipofaulu, Uhispania ilimpokea kwa kumfungia. Alifika Paris 2013, akalala nje, na katika jimu moja akashauriwa aachane kidogo na ndondi ajaribu MMA, huu mchezo unaochanganya ngumi, mateke, mieleka na kabali. Desemba 2015 alikuwa amefika UFC. Machi 27, 2021, mjini Las Vegas, alimwangusha Stipe Miocic katika raundi ya pili akawa bingwa wa dunia wa uzani mzito.

Video inaishia hapo. Piano inapanda, mkanda unafungwa kiunoni, kwisha.

Lakini ukiniuliza, ile ngumi si jambo kubwa alilofanya huyo mtu. Ngumi nzito wako wengi wanazo. Jambo kubwa alilifanya akiwa bingwa, kwenye meza, bila shati kuvuliwa: alipewa karatasi atie sahihi, akakataa.

Hebu tutulie hapa kidogo, maana hapa ndipo hadithi yenyewe ilipo na hapa ndipo watu wa motivesheni hukimbia.

Mpiganaji wa UFC si mwajiriwa. Kisheria ni mkandarasi huru, yaani mtu wa kujitegemea anayeuza huduma. Haya basi, huru kivipi? Mkataba unamfunga asipigane kwingine. Hawezi kuamka akasema mwezi huu napiga ndondi na mtu mwingine. Hata nguo ya kuingilia ulingoni anavaa ile kampuni imeamua, kwa hivyo wafadhili wake mwenyewe hawana pa kuweka jina lao. Akishakuwa bingwa, kuna kifungu kinachorefusha mkataba, ikiwa na maana kwamba ukishinda zaidi unafungwa zaidi. Bima ya ajali ya mazoezini na ulingoni ipo, lakini bima ya afya ya kawaida, ile ya kukutibu malaria au ya kumpeleka mtoto hospitali, utajijua. Huyo ndiye anayeitwa huru.

Wapiganaji wa zamani walienda kortini Marekani kwa jambo hilo hilo, na kesi ilichukua karibu miaka kumi. Ushahidi ulionyesha kwamba mgao wa wapiganaji katika mapato ya kampuni ulikuwa chini ya asilimia 20. Katika mpira wa kikapu wa NBA, wachezaji wanagawana karibu nusu, na hao wana chama. Wakati kampuni ilipojitolea kulipa dola milioni 335 kumaliza maneno, jaji alikataa. Wakarudi na dola milioni 375 kwa wale waliopigana kati ya 2010 na 2017, na mwaka wa 2025 akakubali. Sijawahi kuona video ya kesi hiyo iliyowekewa piano.

Ngannou alikuwa ndani ya mfumo huo. Miezi michache baada ya kutwaa mkanda, kampuni ilitengeneza mkanda wa muda na kuwapiganisha watu wengine, kana kwamba bingwa amepotea. Januari 2022 alipanda kumkabili Ciryl Gane na goti lililochanika kano. Alishinda kwa kumkaba na kumlaza chini, raundi tano. Malipo yaliyotangazwa yalikuwa dola 600,000. Najua mjomba angesema hizo ni pesa nyingi sana na shukuru Mungu. Ni nyingi, kwangu mimi hazihesabiki. Lakini swali la mfanyakazi si kama pesa ni nyingi machoni pa jirani yake. Swali ni umezalisha ngapi na nani amechukua zilizobaki.

Akakaa akauguza goti, akaacha mkataba uishe. Katika mazungumzo aliomba vitu ambavyo havikumhusu yeye peke yake: bima ya afya kwa wapiganaji, uhuru wa kuwa na wafadhili, mtu wa kuwatetea wapiganaji kwenye vikao. Hakupewa. Januari 2023 kampuni ilimvua mkanda, naye akaondoka bila kushindwa na mtu. Nusu ya mtandao ilimcheka. Walisema amejiharibia, amekataa chakula mezani. Mei mwaka huo akasaini na PFL, akiwa na hisa na cheo cha kusimamia shughuli zao za Afrika, na sharti lililonifanya niketi wima nilipolisoma: kila mpinzani wake pia alipwe si chini ya dola milioni 2. Yaani mtu alijadiliana kwa niaba ya yule atakayekuja kumpiga ngumi.

Oktoba 2023 alienda Riyadh akapigana ndondi na Tyson Fury, pambano lake la kwanza kabisa la ndondi za kulipwa, akamwangusha chini raundi ya tatu. Alishindwa kwa kura za majaji, ambazo watu wanabishania mpaka leo. Alisema pesa za usiku huo zilizidi zote alizopata UFC zikijumlishwa.

Sasa, kwa nini nawaka hivi juu ya mtu wa Kamerun ambaye hanijui? Kwa sababu hapa kwetu tumefanya neno "hasla" kuwa dini. Limepigiwa kampeni, limeshinda uchaguzi, hata mkopo wa serikali umepewa jina lake. Na mafundisho yake ni yale ya video: umaskini wako ni mazoezi, vumilia, siku yako inakuja. Vijana wanaovuna mchanga kwenye mito ya Machakos na Makueni wanafukiwa na kingo zinazoporomoka, na sisi tunapeperusha picha ya machimbo ya Batié kama cheti cha kuhitimu. Ngannou alichota mchanga kwa sababu nyumbani hakukuwa na pesa, basi. Wenzake waliochota naye, ambao mgongo wao umekwisha na hawakuwahi kuona kizimba, nani ametengeneza video yao?

Mimi naandika kwa kulipwa. Kabla ya kuanza kuchapisha vitu kama hivi, niliandika insha za wanafunzi wa Ulaya na Marekani, shilingi 300 kwa ukurasa, kupitia mtu aliyemiliki akaunti. Sikuwahi kujua mteja alilipa ngapi. Kazi ikirudishwa kwa kosa la mteja, nilikatwa mimi. Nikiugua, hakuna kurasa. Na mwenye akaunti alikuwa akiniita "partner". Mwaka jana nilipata kitu cha heshima zaidi, tovuti fulani iliyotaka makala nane kwa mwezi. Mkataba ulisema mimi ni mkandarasi huru, kwamba haki zote za maandishi yangu ni zao milele na duniani kote, na kwamba nisiandikie mwingine yeyote katika "sekta inayofanana". Sekta inayofanana na kuandika ni ipi? Nilitia sahihi siku hiyo hiyo. Kodi ilikuwa imefika tarehe 5 na keateka anapiga mlango akitumia funguo, unajua ule mlio.

Kwa hivyo siwacheki wanaotia sahihi. Ngannou aliweza kukataa kwa sababu alikuwa bingwa na dunia ilikuwa inamtazama. Kijana aliye na mapambano mawili hawezi. Hiyo ndiyo hoja dhidi yangu na naikubali yote, isipokuwa pale inapogeuzwa kuwa sababu ya kunyamaza. Na kuna nyingine: pesa zilizomkomboa zilitoka Saudi Arabia, kulekule ambako dada zetu wanaenda kufua na kupika, wengine wanarudishwa kwa jeneza. Mfuko wa nchi hiyo uliwekeza hata ndani ya PFL. Sina jibu safi hapo. Mtu anaweza kutoka kwa mwajiri mmoja na bado asifike mahali pasafi.

Binamu yangu anapiga kickboxing. Mwaka juzi promota mmoja alimwahidi shilingi 8,000 kwa pambano kwenye ukumbi wa baa. Akapasuliwa juu ya jicho, akashonwa nyuzi sita kwa pesa zake, akapewa 3,000 na ahadi. Nilipomwambia adai zake, aliniambia maneno ya video, neno kwa neno: bro, hii ni kujijenga. Kocha wake anamwonyesha Ngannou pia.

Mkenya mmoja tungepaswa kumkumbuka kwanza. Robert Wangila Napunyi alishinda dhahabu ya ndondi Seoul 1988, uzani wa welter, Mwafrika mweusi wa kwanza kuitwaa dhahabu ya Olimpiki katika mchezo huo. Akaenda kupigania mkate Marekani. Julai 1994, Las Vegas, mwamuzi alisimamisha pambano lake na yeye akalalamika kwamba bado anaweza kuendelea. Akaanguka kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na baada ya siku mbili alikuwa amefariki, miaka 26. Hakukata tamaa. Alifanya kila kitu ambacho maneno ya kwenye skrini yanatuambia tufanye.

Na mwisho wa Ngannou haujafika bado, ila kuna sehemu moja ambayo video haitagusa kamwe. Machi 2024 Anthony Joshua alimlaza katika raundi ya pili, vibaya. Mwezi uliofuata mwanawe Kobe alifariki, akiwa na miezi 15. Baba mtu aliandika hadharani akiuliza maisha yana maana gani, na akasema hakujua kama atapigana tena. Oktoba alirudi Riyadh, akamshinda Renan Ferreira raundi ya kwanza, na alipohojiwa kizimbani alimtaja mtoto wake na kulia. Niliangalia pambano hilo kwa simu, bando ikiwa karibu kuisha, na sikupata funzo lolote la kuandika kwenye grupu. Nilimwona mtu mkubwa sana analia, watu wamemzunguka na maikrofoni.

Jumapili mjomba alipiga simu. Alitaka kujua kama kazi inaenda. Nikamwambia mkataba wa tovuti unaisha mwezi ujao, na kwamba nimewaandikia watatu tunaofanya kazi pale, tunaulizana kila mtu analipwa ngapi. Tumegundua tunalipwa bei tatu tofauti kwa kazi ile ile. Barua ya kuomba kile kifungu cha "milele na duniani kote" kiondolewe tumeiandika pamoja.

"Na wakiwafukuza?" akauliza.

"Wanaweza, mjomba."

Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia redio, na shangazi akimwita aje chai imepoa.

"Hiyo barua," akasema, "nitumie niisome."