Kioo Cheusi Baada ya Menyu

Wako walimu wa sayansi ambao hawamruhusu mwanafunzi kuandika kwamba nishati "imepotea" katika jaribio, pasipo kumtaka aonyeshe ilikokwenda. Walimu hao hao, kompyuta ya shule inapowashwa kwa diski ya Linux na kioo kikageuka cheusi, husema bila kusita kwamba mashine imekufa. Hufunikwa kitambaa, ikangoja fundi. Uamuzi huo aghalabu si wa haki, na gharama yake ni mashine nzima inayolala bure muhula mzima.

Diski inayozungumzwa hapa ni ile iliyobeba mfumo mzima wa kuendesha kompyuta, ambao huanza kazi kutoka katika diski yenyewe na kukaa katika kumbukumbu ya muda, pasipo kuandika chochote katika diski kuu ya mashine mpaka mtumiaji atake. Knoppix, iliyotolewa na Klaus Knopper wa Ujerumani mwaka 2000, ilichangia sana kuueneza mtindo huo. Siku hizi mfumo wa namna hiyo huwekwa zaidi katika flashi. Ubora wake ndio asili ya udhaifu wake. Mfumo uliokwisha kuwekwa ndani ya kompyuta hurekebishwa kwa ajili ya mashine moja, lakini diski hii haina mashine yake. Kila iwashwapo hulazimika kuitambua upya kadi ya picha, kukiuliza kioo uwezo wake, na kuchagua programu ifaayo ya kuiendesha kadi hiyo, na yote hayo kwa muda mfupi.

Zamani kazi ya kupanga ukubwa wa picha ilifanywa na programu ya michoro, ambayo huanza mwishoni. Tangu toleo la 2.6.29 la mwaka 2009, kazi hiyo ilianza kuhamishiwa katika kerneli, yaani kiini cha mfumo, ambayo huifanya mapema. Faida yake ni picha tulivu isiyomemeteka. Hasara yake ni kwamba kerneli isipoielewana na kadi, giza huingia kabla mtumiaji hajasoma hata neno moja la kosa.

Sasa na itazamwe hoja ambayo wengi huipita. Ikiwa menyu ya mwanzo ilionekana, basi kioo, waya na kadi vilikuwa vizima muda mfupi uliopita. Tuhuma dhidi ya waya hupungua sana. Ikiwa, baada ya giza, taa ndogo ya Caps Lock bado inawaka na kuzimika kwa kubonyezwa, kerneli inaelekea kuwa hai na ni picha tu iliyokosekana. Hapo Ctrl, Alt na F3 zikibonyezwa pamoja huenda zikaleta ukurasa wa maandishi matupu. Tena, kioo kikiandika kwamba mawimbi yamepita kiwango chake, hiyo si sawa na kioo kisichopokea kitu: kadi inasema, ila kwa lugha ambayo kioo hakiwezi kuifuata. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuyaona haya yote bila kufungua parafujo hata moja.

Lipo neno moja, nomodeset, linalopokezanwa na watumiaji wa Linux kama hirizi. Katika menyu ya GRUB hubonyezwa herufi e, hutafutwa mstari unaoanza kwa neno linux, neno hilo huongezwa mwishoni mwake, kisha hubonyezwa F10. Mara nyingi picha hutokea, watu wakashangilia, na somo likaishia hapo. Huo ndio upungufu. Neno hilo haliponyi kitu. Linaiamuru kerneli isibadili hali ya picha, bali iiache kama ilivyopangwa na programu ya kudumu ya mashine wakati wa kuwashwa. Picha huwa pana na nzito, na kadi haitumiki kwa uwezo wake. Thamani yake ni ya jaribio: picha ikitokea, kosa limefungiwa kati ya kadi na programu yake; isipotokea, uchunguzi huelekea kwingine. Yafaa pia kuyafuta maneno quiet na splash katika mstari ule ule, ili kerneli iseme hadharani inachokifanya. Badiliko hili huisha mashine inapozimwa, kwa hiyo hofu ya kuharibu mfumo haina msingi. Lakini yabadilishwe mambo mamoja mamoja. Mwanafunzi aongezaye maneno matano kwa pamoja hatajua lipi lililofanya kazi.

Sababu yenyewe huwa ya kawaida. Diski iliyotengenezwa mwaka 2012 haiwezi kuijua kadi iliyobuniwa mwaka 2016, na dawa yake ni toleo jipya tu. Kadi za NVIDIA zina historia yake: nouveau, programu huria ya kuziendesha, iliandikwa kwa kuchunguza mienendo ya kadi, ikaingizwa katika kerneli mwaka 2010. Wakati mwingine mkosaji ni waya baada ya yote. Waya wa VGA una pini 15, na pini ya 12 na ya 15 ndizo zipelekazo taarifa za uwezo wa kioo. Waya wa bei rahisi ukizikosa hizo, menyu itaonekana vizuri, kisha mfumo utabaki kukisia.

Itasemwa kwamba kipindi ni dakika 40 na muhtasari wa masomo ni mrefu. Ni kweli. Hata hivyo uchunguzi huu hauhitaji zaidi ya kipindi kimoja na daftari: toleo la diski, jina la kadi kama linavyosomwa kwa amri ya lspci pindi maandishi yapatikanapo, neno lililoongezwa, na kilichoonekana. Fundi akija baadaye, daftari hilo na lipewe yeye kwanza, kabla ya bisibisi.