KWA NINI TUZIKE MACHO?

Binamu yangu ana umri wa miaka saba, na jicho lake la kushoto lina chamba cheupe mfano wa tone la maziwa. Alichomwa na kijiti cha miraa akiwafuata wachumaji shambani, papa hapa Muthara, akiwa na miaka mitano. Hatukukimbilia hospitali. Alikamuliwa maji ya majani jichoni siku tatu mfululizo, na mimi nikiwa ndiye niliyemshika mikono. Kidonda kilipopona kiliacha kovu.

Hebu nieleze kidogo. Konea ni kile kioo cha mbele cha jicho. Haina hata mshipa mmoja wa damu. Oksijeni huipata hewani na katika machozi. Ndiyo sababu ni angavu, na ndiyo sababu yaweza kutolewa kwa marehemu ikashonwa kwa mtu mwingine, kwa kawaida bila kulinganisha damu. Uzi wenyewe ni mwembamba kuliko unywele! Daktari Eduard Zirm alifaulu kuifanya kazi hii tarehe 7 Desemba 1905 mjini Olomouc, ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki. Konea ilitoka kwa mvulana wa miaka 11 ambaye macho yake yaliumia yasiokoleke. Aliyepata kuona tena ni kibarua aliyeunguzwa na chokaa.

Kwa mtoto kazi ni ngumu zaidi. Sharti alazwe kwa nusukaputi, mwili wake hukataa konea ngeni upesi kuliko wa mtu mzima, na matone ya dawa hayataki mchezo. Tena kuna hili lililoninyima usingizi: hadi miaka saba au minane hivi, ubongo ungali unajifunza kuona. Jicho lililozibwa nuru hupuuzwa na ubongo, na likishapuuzwa mno, hata konea nzuri ikija baadaye haifui dafu. Mtu mzima aweza kungoja. Mtoto akingoja, anapoteza.

Nasi tunangoja. Daktari alituambia konea nyingi huagizwa kutoka ng'ambo, na bei yake si ya mchezo. Hapo ndipo ninapochemka! Kila mara twazika watu hapa Tigania, na wengi wao wanashuka kaburini na vioo viwili vizima. Kule Sri Lanka, Hudson Silva alianza kuwaomba wananchi wawasie macho akiwa bado mwanafunzi wa udaktari. Mamake alipofariki mwaka wa 1960, macho yake yalimpa mtu maskini nuru. Mwaka uliofuata Silva akaanzisha chama, na kimepeleka konea katika nchi zaidi ya 50. Je, sisi tumeshindwa na nini?

Ati sheria? Sheria yetu ya Afya ya mwaka wa 2017 inamruhusu mtu kutoa wasia huo kwa maandishi, au hata kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili. Ati maiti ataharibiwa sura? Kope hufungwa, na huwezi kutambua lolote. Shida ni kwamba konea hutakiwa saa chache tu baada ya kifo, wakati ambapo watu wanalia na hakuna wa kuuliza swali kama hilo. Basi liulizwe mapema, jikoni, watu wakiwa wazima.

Mimi nilimwuliza nyanya. Alikasirika. "Nikifika huko nitamwonaje babu yako?" Nikanyamaza. Baadaye akasema macho yake yamezeeka, hata sindano haioni. Nikamwambia uzee si kizuizi, na kwamba mtoto wa jicho hauiharibu konea. Hakunijibu.

Juzi tulikuwa tukichambua maharagwe, binamu yangu amelala miguuni pake. Nyanya akaniuliza bila kuinua uso, "Hao mashahidi wawili, mama yako na shangazi yako watatosha?"