Tumalizane Hapa Hapa

Wako wasemao kwamba mtu aliyegongwa na gari la mwenziwe ni heri apokee shilingi elfu mbili tatu pale pale barabarani, yaishe. Aghalabu asemaye hivyo ndiye mwenye kosa. Nami nasema huo si uungwana, ni dhuluma ya maneno matamu. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, yawalazimu wenye magari kukata bima kwa ajili ya watu watakaowaumiza. Na muda wa kudai mahakamani ni miaka mitatu. Basi haraka hii ni ya nani? Mgongo ulioteguka hauonyeshi gharama yake siku ile. Andikisha habari polisi, uliza kampuni yake ya bima, wala usitie sahihi karatasi yao kabla daktari hajaandika yake.